Uzi: Mfupa umeunga, mkono bado unaungua. Kuishi na CRPS na kuitafutia tiba

Mleta mada

Wanajukwaa, salaam kwenu nyote. Naomba mnivumilie kwa urefu wa andiko hili, kwa sababu jambo lenyewe, ugonjwa wa maumivu uitwao CRPS, nimeliishi kwa mwaka mmoja na miezi saba na bado sijaweza kulieleza kwa kifupi hata kwa ndugu zangu wa tumbo moja. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Tanga, nafundisha Kiswahili, na mkono wangu wa kulia, ambao ndio wa chaki, wa kalamu, wa kulia wali na wa kumpa mtu salamu, ulivunjika karibu na kifundo nilipoteleza na baiskeli wakati wa mvua za masika. Ilikuwa ajali ndogo. Nilisimama mwenyewe, nikaokota na madaftari.

Nilifungwa P.O.P., yaani plasta ngumu ya kushikilia mfupa, nikaambiwa nirudi baada ya wiki sita. Kufikia wiki ya tatu maumivu yalikuwa yamebadilika sura. Maumivu ya kuvunjika nilishayazoea, maana hupwita, kisha hupungua ukiulaza mkono juu ya mto. Haya mapya yalikuwa ya moto, kama ya mtu aliyeshika sufuria bila kitambaa na hawezi kuiachia, na vidole vilijaa hadi mikunjo ya ngozi kwenye viungo ikapotea. Nilirudi hospitali, ambayo sitaitaja jina, nikaeleza kwamba plasta inanibana. Mhudumu alinibonyeza kucha, akaona rangi inarudi, akasema damu inapita vizuri na kwamba mfupa ndivyo unavyounga, nivumilie. Nikavumilia. Sisi wengine tumelelewa hivyo, na katika jambo hili malezi hayo yalinigharimu.

Plasta ilipoondolewa, eksirei ilionyesha mfupa umeunga sawasawa, nami nikaambiwa nimepona. Lakini mkono uliotoka mle ndani haukuwa ule ulioingia. Ngozi ilikuwa inang'aa kama iliyopakwa mafuta. Kiganja kilitoka jasho huku cha kushoto kikiwa kikavu, kucha zilikua haraka kuliko za upande wa pili, na asubuhi mkono ulikuwa wa moto ilhali jioni ulikuwa wa baridi kama chupa ya soda iliyotoka kwenye friji. Maandiko mengi husema kiungo huwa chekundu. Juu ya ngozi yangu sikuona wekundu wowote. Niliona weusi wa zambarau iliyoiva, na hata huo nisingeutambua kama nisingeiweka mikono yote miwili mezani pamoja, dirishani, kwenye mwanga mmoja. Nawaomba wenye ngozi kama yangu walizingatie hili, kwa sababu kuna mtu atasoma neno "wekundu", ajitazame, asiuone, aridhike kwamba hana tatizo.

Kuguswa ndiko kulikonishinda. Upepo wa feni uliniuma, na upepo wa bahari kwenye dirisha la daladala ukaniuma zaidi. Siku moja mwanangu alipita na karatasi ya mtihani, ncha ikanigusa mgongo wa mkono kwa bahati mbaya tu, nikakaa chini sakafuni nikalia mbele yake, naye ana miaka tisa. Msibani nilishindwa kutoa mkono, na kwetu mtu asiyetoa mkono msibani huonekana ana jambo na wafiwa. Kutoa mkono wa kushoto ni kuharibu zaidi. Nikajifunza kuweka mkono wa kushoto kifuani na kuinamisha kichwa, kisha kuanza kueleza, na mwishowe nikachoka kueleza, nikawa siendi kwenye shughuli za watu. Nyumbani nilikula kwa kijiko nikiwa nimejigeuza, maana mama mkwe alikuwepo.

Jirani mmoja, kwa nia njema kabisa, alinipeleka kwa mama anayekanda. Alinikanda kwa maji ya moto na chumvi, akanivuta kidole kimoja kimoja "mishipa ikae", nami nililala siku mbili nikiwa na homa ya maumivu na mkono uliojaa hadi kiwiko. Zikafuata zahanati mbili na daktari mmoja aliyeitazama ile eksirei nzuri akaniambia, "Mwalimu, haya ni mawazo, omba likizo." Kadi yangu ya bima ililipia eksirei nne za mfupa uliokwisha kuunga.

Jina la ugonjwa nililipata mwezi wa tano tangu niumie, kwa daktari wa mifupa ambaye hakuanza na picha. Alichomoa pamba kwenye bunda, akaisokota ncha, akaniomba nifumbe macho, akaipitisha juu ya mgongo wa mkono wa kushoto, kisha wa kulia. Nilipiga kelele hadi muuguzi akachungulia mlangoni. Daktari akasema, "Pole sana, mama. Sasa nimekuamini." Akanyamaza kidogo, akajisahihisha: "Nilikuamini tangu ulipoingia. Sasa nimeona." Maneno hayo mawili, kuamini na kuona, nimeyatafakari sana tangu siku ile.

Ugonjwa huitwa CRPS kwa kifupi, yaani Complex Regional Pain Syndrome kwa Kiingereza, na kwa Kiswahili changu ningeuita mkusanyiko wa dalili za maumivu tata ya eneo moja la mwili. Huja baada ya jeraha, mara nyingi kuvunjika mfupa, wakati mwingine baada ya upasuaji au hata kuteguka tu, na maumivu yake hupita kiasi cha jeraha lenyewe na hudumu wakati jeraha limeshapona. Si ugonjwa mpya. Daktari wa Kimarekani Silas Weir Mitchell aliuona kwa askari waliopigwa risasi kwenye mishipa ya fahamu katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya nchi yake miaka ya 1860. Wengine kati yao walifunga mkono kwa kitambaa kibichi wakati wote, na kuna aliyemwaga maji ndani ya buti zake kwa sababu hakuweza kustahimili msuguano wa kitu kikavu. Niliposoma habari ya yale maji ndani ya buti nilicheka peke yangu, kwani mimi nilikuwa nikitembea na leso mbichi kwenye mkoba. Mitchell ndiye aliyeyaita maumivu hayo kauzalgia, kwa maneno ya Kigiriki ya moto na maumivu. Mwaka 1900 Paul Sudeck wa Hamburg akaeleza jinsi mifupa ya kiungo kama hicho inavyopungua uimara, ndiyo maana wazee wa udaktari bado huuita ugonjwa wa Sudeck. Jina la sasa lilipitishwa mwaka 1994. Aina ya kwanza ni ile isiyo na jeraha la wazi la mshipa wa fahamu, nayo ndiyo yangu. Aina ya pili ni ile ambayo jeraha la mshipa limethibitika.

Hakuna kipimo cha damu kinachousema. Daktari hutumia vigezo vilivyoafikiwa na wataalamu waliokutana Budapest mwaka 2003. Kwanza maumivu yawe yanaendelea na yamezidi jeraha. Kisha hutazamwa makundi manne, nayo ni hisia zilizopita kiasi, tofauti ya joto na rangi kati ya kiungo na mwenzake, jasho na uvimbe, na mwisho udhaifu wa mwendo pamoja na mabadiliko ya nywele, kucha na ngozi. Mgonjwa anapaswa kueleza dalili katika makundi yasiyopungua matatu, na daktari azione mwenyewe, siku hiyohiyo ya uchunguzi, katika makundi yasiyopungua mawili, na pasiwe na ugonjwa mwingine unaoieleza hali hiyo vizuri zaidi, kama vile usaha ndani ya mfupa au damu iliyoganda kwenye mshipa. Kwa sababu ya hilo sharti la "siku hiyohiyo", nashauri kila mwenye shaka apige picha ya mikono au miguu yake yote miwili pamoja, kila siku, mahali pamoja, na aandike saa. Mkono wangu ulikuwa na tabia ya kutulia kila nilipoketi kwenye benchi la kliniki.

Nimeandikiwa amitriptilini ya usiku kwa dozi ndogo na gabapentini, na nimepelekwa fiziotherapia mara mbili kwa wiki. Nilipoona amitriptilini ni dawa ya sonona nilikasirika, nikidhani nimerudishwa kwenye "mawazo". Baadaye nilielezwa kwamba dawa hiyo hutuliza pia njia za maumivu kwenye mishipa ya fahamu, na kwa dozi iliyo chini ya ile ya sonona. Hunikausha mdomo na kunifanya mzito kipindi cha kwanza, lakini nalala. Siku zinapokuwa mbaya nauficha mkono ndani ya mtandio, na hilo nalo hunisaidia.

Nimeandika kwa sababu katika miezi yote ile mitano sikusoma neno moja la Kiswahili kuhusu hali hii. Kama kuna mwenzangu humu, naomba aseme. Wataalamu nao watusahihishe.

Mchangiaji kutoka Mwanza

Mwalimu, pole sana, na nakushukuru. Mdogo wangu ni dereva wa bodaboda, aligongwa na gari miezi kumi na minne iliyopita, akavunjika kifundo cha mguu wa kushoto. Mguu wake ni huohuo unaoueleza: unang'aa, umejaa, na shuka likigusa anaamka. Havai kiatu. Ameuza pikipiki. Juzi ameniambia kwa utulivu kabisa kwamba amefikiri na anaona bora mguu ukatwe chini ya goti avae wa bandia arudi barabarani. Sijui nimjibu nini. Je, kukata si kumaliza?

Mleta mada

Kaka, mwambie nampa pole, na mwambie kwamba mimi pia niliwahi kuutazama msumeno wa fundi seremala kwa namna ambayo sipendi kuikumbuka. Nilimuuliza daktari swali hilohilo. Jibu lake lilikuwa kwamba tatizo halikai mguuni peke yake. Mishipa ya fahamu, uti wa mgongo na ubongo vimejizoesha kuyakuza maumivu, na vyote hivyo vitabaki mguu ukishaondoka. Kuna waliokatwa wakaendelea kuumwa na mguu usiokuwepo, na kuna ambao ugonjwa ulirudi kwenye kigutu chenyewe, wakashindwa hata kuuvaa huo mguu wa bandia waliokuwa wakiutegemea. Kwa hiyo kukata si tiba ya maumivu haya, ingawa hutokea kwa sababu nyingine kama kidonda kilichooza. Je, ameshaonwa na mtu wa fiziotherapia?

Mchangiaji kutoka Mwanza

Alikwenda mara tatu akaacha. Anasema walikuwa wanamkunja mguu kwa nguvu.

Mchangiaji, mtaalamu wa fiziotherapia, Moshi

Naomba nichangie kama mtu wa kazi hii. Kwanza kwa kaka wa Mwanza: mdogo wako alikuwa na haki ya kukataa kukunjwa kwa nguvu, lakini hakupaswa kuacha. Kiungo chenye CRPS kinahitaji mwendo, ila mwendo huo aufanye mwenye mguu mwenyewe, kidogo kidogo, kwa kiasi kisichoyawasha maumivu yakadumu hadi kesho yake. Kumlazimisha mgonjwa ni kosa letu sisi, na wapo wenzangu wanaolifanya kwa kudhani kiungo kimekakamaa tu. Barafu pia isitumike, ingawa mguu ukiwa wa moto kila mtu hupenda kuiweka.

Pili, nimrekebishe mwalimu kwa heshima. Kuuficha mkono ndani ya mtandio hukupa nafuu ya saa moja na kukudai mwezi. Mkono usiotumika na usiotazamwa hupungua nafasi yake katika ubongo, ndiyo maana wagonjwa wengi huanza kuuona kama si wao. Tazama andiko lako: umeandika "mkono uliotoka mle ndani haukuwa ule ulioingia". Nimesikia sentensi ya namna hiyo kliniki mara nyingi, na kwetu ni dalili, si fasihi.

Tatu, jambo ambalo watu hulidharau: siku ya nafuu ndiyo siku ya hatari. Mgonjwa akiamka bila moto hufua nguo za wiki nzima, kisha hulala siku nne. Pimeni kazi kwa dakika, msipime kwa hali ya siku. Ukiweza kufua kwa dakika tano bila adhabu, fua tano hata siku unayojiona una nguvu za ishirini.

Mleta mada

Nimekubali kusahihishwa, na nimeuvua mtandio ninapoandika haya. Mtaalamu wangu naye aliniambia siku ya kwanza, "Mwalimu, unausema mkono kama unamsema mgeni." Nilikuwa nikisema "ule mkono unataka hiki, ule mkono haupendi kile". Akaniagiza niseme "mkono wangu", hata kama sijisikii hivyo. Mwalimu wa Kiswahili nikafundishwa vimilikishi ukubwani.

Mchangiaji kutoka Dodoma

Dada, naomba utueleze hayo mazoezi kwa undani, maana huku kwetu mtaalamu yupo umbali wa saa nne kwa basi. Mama yangu ana mkono wa hivyo tangu mwaka jana.

Mleta mada

Nitaeleza niliyofanya mimi, nawe umwoneshe mtaalamu walau mara moja kabla mama hajaanza.

La kwanza ni la vitambaa. Mama yangu mzazi ni fundi cherehani, na chini ya cherehani yake kuna kapu la vipande. Tulivipanga kwa ulaini: hariri, kisha pamba ya kanga iliyofuliwa mpaka ikalegea, kisha kitenge kipya chenye wanga, kisha taulo, na mwisho kabisa kipande cha gunia la mkaa alichokiosha mara tatu. Kila asubuhi na jioni nilijipangusa mwenyewe kwa hariri, nikianzia pale pasipouma, juu ya kiwiko, nikishuka polepole hadi mpakani, pale maumivu yanapoanzia, nikivuka mpaka kwa kidole kimoja, huku nikiangalia na kujiambia kwa sauti kwamba hii ni hariri na haina moto. Dakika mbili tu, kisha basi. Hariri ilinichukua wiki tatu. Kanga wiki mbili. Kitenge nilikirudia mwanzo mara mbili. Gunia sijalifikia, na mama huniuliza kila Jumapili kama nimeliogopa.

La pili lilinishangaza zaidi. Kabla ya kuusogeza mkono, nilitakiwa kuufundisha ubongo kuutambua. Binti yangu alipiga picha za mikono ya watu wa nyumbani kwa simu, wa baba yake ukishika kijiko, wa bibi yake ukishika mkasi, wake mwenyewe ukiwa umekunjwa ngumi, akaigeuzageuza, kisha akanionesha moja moja nami nikataja haraka: kulia au kushoto. Ya kushoto niliitaja kama mtu anayehesabu. Ya kulia nilikwama, nikakosea, na kuna picha, ule mkono wa mkasi, iliyonipandisha moto mkononi kwa kuitazama tu. Nilidhani nimerukwa na akili, lakini nikaambiwa ni jambo linalojulikana, kwamba hata kuwaza mwendo kunaweza kuongeza maumivu na uvimbe. Ndiyo sababu hatua hupangwa: kutambua picha kwanza, kisha kuwaza mwendo bila kusogea, na kioo mwisho.

Kioo chenyewe tulikitoa kwenye mlango wa kabati. Nilikisimamisha mezani katikati ya mikono yangu, mkono mgonjwa nyuma yake, mzima mbele, nikautazama mzima ukijikunja na kujikunjua ndani ya kioo mahali ambapo mgonjwa ungepaswa kuwa. Macho huuambia ubongo kwamba mkono wa kulia unasogea na haujaungua. Njia hii ilianzishwa na mtaalamu wa ubongo Ramachandran miaka ya 1990 kwa watu waliokatwa viungo. Mama mkwe alipita akasimama, akauliza, "Sasa hapo unamdanganya nani?" Nikamjibu, "Najidanganya mwenyewe, mama, kwa ruhusa ya daktari." Akavuta kiti akakaa kunitazama, na tangu siku ile ndiye anayenikumbusha saa.

Mchangiaji mwingine

Nasema bila kumkwaza mtu. Maumivu ambayo eksirei haiyaoni, yanayohama na kurudi, wazee wetu wanayajua. Mwalimu ana cheo, ana nyumba, kijicho hakikosekani. Mngetafuta kisomo kwanza kabla ya vioo.

Mleta mada

Ndugu yangu, sijakwazika. Nimesomewa, tena zaidi ya mara moja, na dua sijaiacha hadi leo. Nilichokiacha ni kukandwa na kuvutwa vidole. Ninachokuomba ni kwamba mtu akija kwako na mkono wa hivi, msomee, kisha umwambie aende hospitali wiki hiyohiyo, kwa sababu miezi ya mwanzo ndiyo yenye nafasi kubwa ya nafuu, nami nilipoteza mitano.

Mchangiaji, daktari wa ganzi na maumivu

Nimefurahi kusoma uzi huu. Niongeze upande wa dawa, kwa kuwa naona watu wanauliza kwa ujumbe wa pembeni. Hakuna dawa moja ya CRPS. Katika wiki za mwanzo, mkono ukiwa wa moto na umevimba, baadhi yetu hutumia prednisoloni, dawa ya kutuliza uvimbe, kwa muda mfupi, na dawa za kuimarisha mifupa za kundi la alendronati zina ushahidi wa kupunguza maumivu hasa kwa walio katika hatua hiyo ya awali. Gabapentini, pregabalini na amitriptilini husaidia baadhi ya wagonjwa. Msizinunue kwa jina tu duka la dawa, na msiziache ghafla.

Sindano ya ganzi kwenye fundo la mishipa ya fahamu shingoni, au kiunoni kwa wenye tatizo la mguu, hutolewa na watu wa fani yangu. Nafuu yake kwa wengi ni ya muda, na ushahidi wake si mkubwa kama sifa yake. Mimi huichoma nikiwa nimeshakubaliana na mtu wa fiziotherapia kwamba saa zile za nafuu zitatumika kwa mazoezi. Mgonjwa anayechomwa kisha akarudi nyumbani kulala amepoteza fedha yake.

Mchangiaji kutoka Mombasa

Daktari, shikamoo. Nyanya yangu ameanguka bafuni wiki iliyopita, amevunjika kifundo cha mkono na amefungwa plasta. Nimesoma mahali kwamba vitamini C huzuia ugonjwa huu. Je, nimpe?

Mchangiaji, daktari wa ganzi na maumivu

Marahaba. Utafiti wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 1999 uliwapa watu waliovunjika kifundo cha mkono miligramu 500 kwa siku kwa siku 50, na waliopata ugonjwa walikuwa wachache kuliko wenzao waliopewa kidonge kisicho na dawa. Mwaka 2014 watafiti wa Scotland walilijaribu tena wakakosa tofauti. Ni ya bei nafuu na kwa watu wengi haina madhara kwa kiasi hicho, kwa hiyo simkatazi mtu, ila kama nyanya ana shida ya figo au mawe ya figo muulizeni daktari wake. Muhimu kuliko vitamini ni kwamba avisogeze vidole vilivyo nje ya plasta kila saa tangu leo, na akilalamika kwamba plasta inabana au inaunguza, asiambiwe avumilie. Arudishwe siku hiyohiyo. Umri na jinsia yake pia vinampa nafasi kubwa kidogo: wanawake huupata mara tatu au zaidi ya wanaume, na kuvunjika kifundo cha mkono ni miongoni mwa vyanzo vikuu. Hata hivyo wengi wanaovunjika hawaupati, kwa hiyo msimtie hofu.

Mchangiaji aliyepo Uingereza

Ni Mtanzania, muuguzi huku. Nimeona wagonjwa wa CRPS wodini na nataka kuondoa dhana moja, kwamba huku kuna mashine inayoumaliza. Mwongozo wa huku, uliotolewa na Chuo cha Kifalme cha Madaktari mwaka 2012 na kurekebishwa 2018, unasimama juu ya mambo manne: kumwelimisha mgonjwa, kupunguza maumivu, mazoezi ya viungo pamoja na maandalizi ya kurudi kazini, na msaada wa kisaikolojia. Ipo huduma maalumu katika mji wa Bath, na wanachofanya wagonjwa pale kwa sehemu kubwa ni haya aliyoyaandika mwalimu: vitambaa, picha, kioo, kupima kazi kwa dakika. Kuna pia kifaa kinachowekwa kwenye uti wa mgongo kutuma umeme mdogo. Utafiti wa Uholanzi wa mwaka 2000 ulionesha nafuu ya miezi sita, lakini walipofuatiliwa hadi miaka mitano tofauti ilikuwa imefifia. Kapu la vipande la mama yako, mwalimu, ni kliniki.

Mchangiaji kutoka Mwanza

Narudi na mrejesho. Nimemsomea mdogo wangu uzi mzima kwa sauti, pamoja na jibu la kukata. Alinyamaza sana, akaomba nirudie pale pa askari waliomwaga maji kwenye buti. Akasema, "Kumbe si mimi peke yangu." Jumanne amekubali kurudi fiziotherapia, kwa sharti kwamba mguu ausogeze mwenyewe. Nimempatia pia soksi ya hariri ya shemeji.

Mtaalamu wa fiziotherapia, Moshi

Mwambie aandike sharti hilo kwenye karatasi ampe mtaalamu siku ya kwanza. Nampongeza. Mwalimu, na wewe darasani hali ikoje?

Mleta mada

Mkono wangu haujapona, na sitaki kumdanganya mtu humu. Tofauti ya joto imepungua, jasho limekwisha, naweza kuushika mswaki na kufunga vifungo vikubwa. Baridi ya mwezi wa saba bado hunilaza. Mkuu wa shule amenipunguzia vipindi viwili kwa maandishi, baada ya barua ya daktari, ingawa kabla ya barua hiyo aliwahi kuniuliza mbele ya walimu wenzangu kama sichoki kuumwa.

Ubaoni natumia chaki niliyoizungushia sifongo ya godoro ili isinidai nguvu ya kubana, na kiranja anakaa dawati la mbele kwa kazi moja. Jumatatu iliyopita niliandika tarehe, mada, na mistari miwili ya shairi kabla moto haujaanza. Mstari wa tatu nikampa chaki, akaumalizia yeye.